Tandiko Lisilolia

Sehemu ya Saba

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, nitakupa ya nyuma kwa ufupi, maana wale nilioanza nao wameshaanza kupiga miayo.

Nilikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Kazi nilifundishwa na mtu niliyemwita Mwalimu, mwenye mikono ya dhahabu na ulimi wa pilipili. Siku ya mashindano binti yake aliruka gogo la mwisho, mkanda unaopita tumboni mwa farasi ukakatika, akaanguka, nyonga ikavunjika. Mkanda ule nilikuwa nimeushona mimi. Mwalimu aliuinua mbele ya umati mzima, akaonyesha mshono uliofumuka, akatamka maneno saba: "Huyu hana mikono. Asiguse tena ngozi hapa."

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyenipa hata kiatu nishone.

Na mimi nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilirudi nyumbani nikaitazama mikono yangu kama vile nimeiazima kwa mtu.

Basi nikawa muuzaji. Nanunua vifaa vya farasi vilivyochakaa kwenye mazizi yanayofungwa, navisugua, navipiga picha sebuleni juu ya mgongo wa kochi, navitia kwenye mnada wa mtandaoni. Kochi letu limeshavaa matandiko mengi kuliko farasi yeyote aliye hai. Mke wangu anasema iko siku litatoka mbio.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti mbele ya tandiko jeusi lililokuja katikati ya shehena ya takataka. Mama mmoja ameniandikia baada ya kusoma hapo, ananisihi nitubu. Ahsante, mama. Kutubu kuna siku yake. Kwa sasa nakiri tu, na kukiri peke yake kumeshanitoa jasho.

Kwanza nikutajie wateja wangu, usije ukawaonea huruma bure. Mpanda farasi wa kweli hanunui kitu ambacho hajakikalia. Waliobaki ni hawa. Bwana mmoja alinunua vikuku viwili vya kukanyagia ili atundikie taulo bafuni. Mwingine alishinda mnada wa hatamu, akalipa, kisha akaniuliza farasi ataletewa lini. Mwingine tena alirudisha mjeledi kwa sababu ulikuwa unanuka farasi. Nilimuuliza alitaka unuke nini, akanipa nyota moja.

Watu wa namna hii ukiwadanganya kidogo, roho haistuki. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa turudi kwenye tandiko. Ndani ya kila tandiko kuna fremu ya mbao. Ngozi na sufu ni nguo tu, fremu ndiyo mifupa. Ikipata ufa, tandiko limekwisha. Likibeba mtu litapinda na kumfinya farasi uti wa mgongo, na farasi aliyefinywa haulizi nani yuko juu yake.

Kulipima ni rahisi. Unalikumbatia, ncha ya mbele tumboni kwako, unavuta ya nyuma kwa nguvu. Likiwa zima hukaa kimya. Likiwa na ufa hulia, kak, kak, hata mtu wa chumba cha pili akasikia.

Hili langu halikulia. Lakini nilipolivuta lilijipinda kidogo, upana wa ukucha hivi, na mimi nilifundishwa na Mwalimu. Nikachukua kisu nikalifumua upande mmoja.

Ufa ulikuwepo, mrefu kama kidole cha kati. Juu yake mtu alikuwa amelaza kipande cha bati kilichokatwa kwenye mfuniko wa kopo, na juu ya bati kipande cha blanketi kilicholoweshwa nta. Bati lizuie kupinda, nta izuie kulia. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni.

"Kuna nini?"

"Kuna mwizi aliyenitangulia," nikamwambia. "Na ni fundi huyo, si mchezo."

"Basi mmekutana," akasema, akarudi jikoni.

Mtu mwenye haya angelitupa. Mimi nikaliboresha. Blanketi lilikuwa limeoza, nikakata jipya. Nta nikayeyusha mpya. Bati lilikuwa bado zuri, nikalirudisha palepale. Upande mmoja lilikuwa na namba zilizokwaruzwa, nikadhani ni za kiwandani, nikazilaza chini. Upande wa juu nikakwaruza tarehe ya siku hiyo kwa ncha ya msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: ukifungua tandiko, hata kama ni kubadili sufu tu, unaandika tarehe ndani. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nafanya wizi na bado naandika tarehe.

Nikashona kwa uzi mweusi. Nikalivuta tena, kimya kabisa, na safari hii halikujipinda hata kidogo. Nilijisikia fahari, na ninaliandika hili ili mjue mnasoma habari za mtu wa aina gani.

Nikatangaza: "Tandiko jeusi, limetunzwa vizuri, zima kabisa." Jina langu mnadani ni Mgongo Salama. Msicheke sana.

Siku ya kwanza walikuja wa kawaida. Mmoja alitaka kujua kama litaenea mlangoni kwa hoteli yake, wageni wapigie picha. Nikamwambia litaenea hata kwenye lifti.

Siku ya pili akaja mtu anayejiita Mstaarabu. Mtu akijipa sifa hiyo mwenyewe, ujue majirani zake wana la kusema.

Maswali kumi na moja, kwa siku nne! Nipige picha ya tumbo la tandiko. Nipige picha ya misumari ya nyuma, karibu zaidi, hapana, karibu zaidi ya hapo. Niinue ubawa wa kushoto, ile ngozi inayoning'inia ubavuni. Niinue wa kulia. Mke wangu alishika taa ya simu mpaka mkono ukafa ganzi.

"Huyu ananunua au anachumbia?" akauliza.

Swali la tisa: "Umelipaka rangi wewe?" Nikajibu: "Nimelikuta hivyo." Ni kweli.

Swali la kumi: "Ukilivuta, linalia?" Nikajibu: "Halilii." Hiyo nayo ni kweli tupu.

Swali la kumi na moja: "Limewahi kufunguliwa?"

Hapo mtu mwenye akili angesimama na kujikuna kichwa. Kwa miaka yote hii wanunuzi huniuliza kama linalia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama limefunguliwa. Lakini mimi nilikuwa nimeshachoshwa na Mstaarabu na karibu-zaidi zake, nikaandika haraka: "Kwa mkono wangu, kamwe."

Dau lake likaruka papo hapo. Mtu wa hoteli akaongeza, Mstaarabu akamfunika. Akaongeza tena, akafunikwa tena. Mnada ulipofungwa, bei ilikuwa ya tandiko jipya, na Mstaarabu akaniandikia ujumbe wa mwisho: "Usilifungue. Atakuja mtu wangu kulichukua."

Nilicheza sebuleni. Nilimshika mke wangu mikono nikamzungusha kuzunguka kochi. "Mpumbavu amepatikana," nikasema.

Mtu wake alikuja Jumanne asubuhi.

Mke wangu ndiye aliyefungua mlango. Nilisikia hodi, nikasikia karibu, kisha nikasikia hatua kwenye sakafu: moja nzito, moja ya kuburuta. Nilikuwa nafunga kamba kwenye boksi. Vidole vikaacha kazi kabla kichwa hakijaelewa.

"Nimetumwa kuchukua tandiko la…" akasema, kisha akaniona.

Ni binti wa Mwalimu. Ameongezeka mwili kidogo, nywele amezikata, lakini macho ni yaleyale. Zamani, nilipokuwa karakana ya baba yake, aliniita kaka. Alikuwa akipita mezani kwangu asubuhi na kuniambia, kaka, leo umeshona kama mtu aliyeamka vizuri.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Unauza matandiko."

"Yaliyotumika."

"Na mikanda yake umeshona wewe?"

Nilihisi uso unawaka. "Sijaigusa. Ni ya zamani."

"Afadhali."

Mke wangu, ambaye kisa anakijua chote, alimtazama nyonga, akanitazama mimi, akasema, "Kaa basi, dada. Kochi ndilo hilo, usiliogope, limezoea kubebeshwa."

"Nashukuru, sitakaa sana."

Akakaa hata hivyo, maana mguu ulikuwa unamuuma. Akasema baba yake ndiye aliyelinunua. Macho hayamwongozi vizuri barabarani siku hizi, lakini simu anaisogeza mpaka puani na anashinda kwenye minada.

"Ameniambia nisiulize kitu, nisilifungue, nisilipande. Nilipeleke moja kwa moja karakana."

"Ngoja," nikasema. "Mstaarabu ni Mwalimu?"

"Ndilo jina alilojipa."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, lakini nilicheka vizuri. Mwalimu, mtu aliyenirushia nyundo kwa kukosea tundu moja la sindano, kajiita Mstaarabu! Na huyo Mstaarabu nimemuuzia tandiko bovu kwa bei ya jipya, na kwa masikio yake mwenyewe atalipima na atasema ni zima. Kama ningeagiza kisasi dukani, kisingenikaa mwilini vizuri hivi. Furaha yangu ilidumu kama dakika mbili.

"Yeye hajui muuzaji ni nani," binti akaendelea. "Na hajui kwamba Jumamosi nitaruka nalo."

"Utaruka nalo wapi?"

"Mashindano. Nimerudi juu ya farasi tangu mwaka jana. Baba anadhani nimeacha kabisa, na sitaki aanze kunililia. Tandiko la shule ya kupanda farasi linaniumiza hii nyonga. Hili nimeliona kwenye picha lina kiti kipana. Nitaruka nalo Jumamosi, Jumapili nimpelekee."

Sasa wasomaji, hapo ndipo mtu angesema. Maneno yalikuwa mawili tu: lina ufa. Mimi nikasema, "Hili halifai kuruka."

"Tangazo lako linasema zima kabisa."

"Matangazo, dada, unajua yalivyo…"

"Nani aliandika?"

"Yeye," mke wangu akajibu kutoka mlango wa jikoni. "Nilikuwepo."

Binti akainuka, akalichukua tandiko, akalikumbatia, ncha ya mbele tumboni, akavuta ya nyuma kwa nguvu zake zote. Ni binti wa fundi huyo, alijifunza kupima kabla ya kujifunza kusoma. Tukasikiliza wote watatu.

"Halilii," akasema.

"Halilii," nikaitikia, kama mjinga.

Akaliweka juu ya mgongo wa kochi, akainua ubawa wa kushoto kutazama pa kufungia mkanda. Kidole gumba chake kikapita juu ya ngozi, kikapita tena, kikasimama. Akainama. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi nyeusi ikatoka kama unga, chini yake ikaonekana kahawia, na katikati ya ile kahawia mchoro wa nyota. Nyota mbaya, ya mtu asiyejua kuchora, mguu wake mmoja umepinda.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," akasema taratibu. "Nilichora kwa msumari. Baba alinichapa kwa tepu ya kupimia."

"Lako lilikuwa la kahawia," nikasema.

"Ndiyo. Nililoanguka nalo." Akanigeukia. "Baba aliniambia amelichoma moto. Nilikuwa bado hospitali. Alikuja akanishika mkono akasema, mama, nimelichoma, halitakuumiza tena."

Mke wangu alikuwa ametoka na sinia ya chai. Akaiweka chini sakafuni, palepale alipokuwa.

Mimi sikuwa nao tena. Nilikuwa ndani ya tandiko, chini ya ngozi, chini ya blanketi, kwenye bati. Zile namba. Tisa, nne, na mwaka uleule wa mashindano. Namba zilizokwaruzwa kwa ncha ya msharasi, si kwa mashine. Tisa yenye mkia ulionyooka kama fimbo. Mtu mmoja tu duniani anaandika tisa ya namna ile, na alituchapa vidoleni miaka minne ili tuandike tarehe kila tunapofungua tandiko. Fundi asiyeandika tarehe ni mwizi, alikuwa akisema.

Yeye naye mkono ulikwenda wenyewe.

Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu nikadhani ni za kiwandani! Mtanicheka, na ni haki yenu. Lakini jueni kwamba ningemshuku kila fundi aliyewahi kushika sindano, kabla sijamshuku yeye.

Tarehe tisa mwezi wa nne. Mashindano yalikuwa tarehe ishirini mwezi wa sita, siku ambayo sitaisahau hata nikizeeka nikasahau jina langu. Ufa ulikuwepo miezi miwili kabla. Aliujua. Akaunyamazisha. Akampandisha binti yake juu yake, kwa sababu binti yake akiruka mbele ya umati ndiye alikuwa tangazo la karakana, na fremu ile aliitengeneza yeye. Lilipopokea uzito kwenye gogo la mwisho, fremu ikapinda, farasi akafinywa, akarusha mgongo. Farasi akirusha mgongo hivyo hakuna mkanda utakaostahimili, hata ukiushona kwa chuma. Mkanda wangu ulikatika mwishoni. Haukuwa wa kwanza.

Mikono yangu ilikuwa mizima. Miaka kumi na moja nimekaa navyo, hivi vidole, navionea aibu mezani, na vilikuwa vizima.

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, mngeniona mtu mwema. Nilishikwa na hasira.

"Nataka kulifungua," nikasema.

"Baba kasema lisifunguliwe."

"Ndiyo maana nataka kulifungua."

"Mbona umeandika hujawahi kulifungua? 'Kwa mkono wangu, kamwe.' Nimesoma."

Nikamtazama mke wangu. Akanirudishia jicho lile la siku anazonisubiri nimalize uongo ili aendelee na kazi zake.

"Uzi huo ni wa wiki iliyopita, dada," akasema. "Aliupaka nta kwenye meza yangu ya chakula."

Sasa muone jinsi nilivyojifunga mwenyewe. Humo ndani kuna bati lenye mwandiko wa Mwalimu, na bati hilo ndilo linalonitakasa. Lakini juu ya bati hilohilo, upande wa pili, kuna tarehe yangu. Kuna blanketi langu, nta yangu, uzi wangu. Nikilifungua, binti anaona waongo wawili wamesaini sehemu moja, mmoja kwa tarehe ya zamani, mwingine kwa ya majuzi. Na wa majuzi alikuwa radhi kumwacha mtu asiyemjua avunjike shingo kwa ajili ya nyota tano mnadani. Nisipolifungua, nabaki yule asiye na mikono.

"Mimi ni mwongo," nikamwambia. "Anza na hapo. Tandiko hili lina ufa, nilijua, nikauziba usilie, nikaandika ni zima. Jumamosi lingekuua. Lakini humo ndani kuna mwongo mwingine aliyenitangulia, na huyo si wa wiki iliyopita."

Alipauka midomo. "Unasema nini?"

"Sisemi. Naonyesha."

Nikachukua kisu. Nikakata mshono wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Ni mishono mizuri, jamani, iliniuma kuikata.

"Simama," akasema. "Simama hapohapo." Alikuwa ameshatoa simu. Akaiweka sikioni, mkono mwingine ameukandamiza juu ya ile nyota. "Baba? Ndiyo, ninalo. Hapana, sijaondoka… Baba, muuzaji anataka kulifungua."

Nilisikia sauti ndogo upande wa pili, ikiuliza.

"Muuzaji gani? Yule uliyesema hana mikono."

Akaitoa simu sikioni kutazama kama imekatika. Kisha akanisogezea.

"Anataka kuongea na wewe."

Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado na kisu.

"Mwanangu," sauti ikasema.

Miaka minne kwenye karakana yake aliniita wewe. Siku aliyofurahi sana aliniita we. Mwanangu sikuwahi kulisikia, na nilikuwa nimemwandalia matusi ya miaka kumi na moja, yote yakanikwama.

"Umeshakata?"

"Mishono mitatu."

"Ishia hapo. Nakuomba." Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Si yule Mwalimu wa nyundo. Ni mzee mwenye simu puani. "Ulishalifungua kabla ya leo, sivyo? Uliniandikia uongo."

"Nililifungua."

"Basi umeiona tarehe. Nilidhani litavumilia mpaka mashindano yaishe. Lilivumilia miezi miwili, ikabaki siku moja tu. Siku moja, mwanangu. Kulichoma nilishindwa, nikaliuza mbali. Yeye anasikia ninachokuambia?"

Nikamtazama binti. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ameegemea mguu mzima, ananisoma usoni.

"Hapana," nikasema.

"Sikiliza basi. Meza yako ipo. Ile ya dirishani. Sijamweka mtu pale, muulize yeyote. Njoo kesho. Nitawaita wote waliokuwepo siku ile, nitasimama mbele yao, nitasema mkanda wako ulikuwa mzima, ngozi niliyokupa ndiyo ilikuwa mbaya. Nitasema nilimwonea fundi bora niliyewahi kumfundisha. Na wewe ndiye bora, nilijua hata siku ile. Jina lako nitalirudisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila yeye asijue. Mwambie lina ufa, mwambie ni bovu, mwambie utalichoma. Asilione hilo bati. Akijua, mimi nimebaki na nani?"

Fundi bora. Wasomaji, nimelisubiri neno hilo tangu nikiwa na nywele zote kichwani. Nililitaka kuliko pesa ya mnada wowote. Lilipokuja, likaja kwa simu, kwa kunong'onezwa, kutoka kwa Mstaarabu, kama rushwa. Na bado lilikuwa tamu. Nalikiri hilo, na hapo ndipo ninapojidharau kuliko pote nilipowahi kuwaeleza.

Kwa sababu mambo yote yangekuwa sawa. Tandiko lingechomwa. Hakuna ambaye angevunjika. Mimi ningekaa dirishani na sindano yangu, na watu wangeniita fundi tena. Angebaki mtu mmoja tu, anayeburuta mguu, asiyejua aliyeuvunja.

"Upo?" Mwalimu akauliza. "Mwanangu, upo?"

Mke wangu aliisukuma sinia ya chai kando kwa mguu.

Binti alisogea hatua moja, ile ya kuburuta. Akaweka mkono wake juu ya tandiko, karibu na mkono wangu.

"Anasemaje?" akauliza. Kisha sauti ikamshuka, nadhani hata yeye hakujisikia alivyoniita. "Anasemaje, kaka?"

Simu ilikuwa bado sikioni, inahema. Ncha ya kisu ilikuwa imeshaingia chini ya mshono wa nne.